Uzito Uliokataa Pasi

Ofisini walimwita Kisiki, na hakuna aliyethubutu kumwita hivyo usoni isipokuwa Babu Seva, ambaye hakuwa babu wala nini; ni upara tu uliomuwahi. Jina lilimwangukia mwaka ule alipohamishwa chumba kwa kubishana na wakubwa, akabeba kiti chake akarudi alikotoka. Wakamhamisha tena, akarudi tena. Wakamwambia kule kuna viti vipya. Akasema hana haja ya kiti, ana haja ya kuachwa afanye kazi. Kiti chenyewe kilikuwa na mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha kadibodi, na ukikikalia vibaya kinakumwaga. Yeye alikijua, nacho kilimjua.

Ungemwona njiani usingegeuka kumtazama mara ya pili. Mwanamke wa kimo cha kawaida, miwani iliyofungwa uzi upande wa sikio moja, mwendo wa mtu aliyechelewa hata siku aliyowahi. Alizaliwa kitinda mimba katika nyumba ya wanawake wenye ndimi, akajifunza kubisha kabla ya kujifunza kufunga viatu. Shuleni aliwabishia walimu wa hesabu mpaka wakaanza kumkwepa. Alipokua akaolewa na mwalimu wa hesabu, labda kwa sababu ubishi ulikuwa haujaisha.

Kazi yake ilikuwa kupima maji bila kuyaona. Watu wakisikia hivyo hudhani anatia chumvi, lakini ndivyo ilivyo. Huko juu, juu kabisa kuliko ndege yoyote, kuna setilaiti mbili zinazofukuzana kwenye njia moja, na shughuli yao kubwa ni kupimana umbali. Ya mbele ikikaribia mahali ambapo ardhi ni nzito, uzito ule unaivuta, inakaza mwendo kidogo, na nafasi kati yao inapanuka. Kisha ya nyuma nayo inavutwa, nafasi inarudi. Tofauti yenyewe ni ndogo kuliko unene wa unywele, na bado inapimika. Sasa, milima haihami. Miji haihami kwa wiki moja. Kinachoongezeka na kupungua uzito haraka ni maji: ya mto, ya bwawa, ya kinamasi, na yale yaliyonywewa na udongo ambayo hakuna jicho linaloyaona. Setilaiti hazijali maji yamejificha wapi. Uzito ni uzito.

Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alielezwa jambo hili mara nyingi, na kila mara aliuliza swali lile lile huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

“Na mizani iko wapi?”

“Mizani ndiyo zenyewe, dada.”

“Mizani inayoruka.”

“Ndiyo.”

“Haya. Nipe huo mkasi.”

Mizani hiyo ina kasoro zake, na Kisiki alikuwa wa kwanza kuzitaja. Haioni mtaa, haioni hata mji. Inaona kama mtu wa macho mabovu aliyevua miwani: anajua mbele yake kuna ng’ombe, hajui pembe ziko upande gani. Ramani nzuri ni ile ya mwezi mzima. Ukiitaka ya wiki, au ya siku, unapata picha yenye chenga, kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Chenga hizo, kwenye kazi yao, ziliitwa kelele. Na kwa ajili ya kelele kulikuwa na pasi.

Pasi ilikuwa programu iliyoandikwa na Babu Seva zamani, ofisi ilipokuwa ikitoa ramani za mwezi tu. Kila namba iliyoruka mbali na wenzake, programu iliikandamiza mpaka ilale, na mstari wa grafu ukatoka umenyooka kama suruali ya bwana harusi. Kwa ramani za mwezi ilifaa sana. Mkurugenzi aliipenda mno, na kabla hajatazama chochote aliuliza kwanza, “Imepigwa pasi?” Tatizo ni kwamba pasi haikujua kutofautisha kelele na habari. Kwake yeye, kitu chochote kinachobadilika upesi ni uongo.

Asubuhi moja Kisiki alifika kazini, akafuta miwani kwa pindo la blauzi, akafungua makadirio mapya ya nchi ya juu, kule mto unakotoka. Mjini jua lilikuwa kali, vumbi limejaa mpaka kwenye meno. Lakini nchi ya juu kulikuwa kumenyesha, na kwenye skrini mstari ulikuwa umepanda. Haikuwa mara ya kwanza wiki ile. Ulikuwa umepanda, ukakaa, ukapanda tena. Akatazama hesabu za njia nyingine ya kukokotoa, nazo zikasema vile vile. Akasukuma kiti nyuma, akaenda chumba cha seva, ambako Babu Seva alikuwa amekaa na sweta kwa sababu ya baridi ya mashine.

“Njoo uone kitu.”

Babu Seva akaja, akainama, akajikuna upara. “Hujapiga pasi.”

“Na sipigi.”

“Ukipiga utaona umelala.”

“Hata mimi ukinipiga pasi nitalala. Nakuuliza wewe uliyeiandika: hii ni kelele?”

Babu Seva alivuta kiti cha jirani, akakaa, akatazama mstari ule kama mtu anayetazama mtoto wake akifanya asichomfundisha. “Kelele huruka na kurudi,” alisema mwishowe. “Hii hairudi.”

Kisiki akachapisha grafu, akapanda ghorofani.

Mkurugenzi hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Kisiki kuliko yote. Angekuwa mjinga angemwelimisha. Aliyemtangulia katika kiti kile alitangaza mafuriko, watu wakahama, maduka yakafungwa, mvua ikaenda kwingine. Akapigwa kalamu. Tangu hapo mkurugenzi huyu alikuwa akitembea kwenye kazi yake kama mtu aliyebeba mayai.

“Nchi ya juu imeongezeka uzito,” Kisiki alisema, akaweka karatasi mezani. “Maji yaliyoongezeka, ukiyatandaza sawasawa kule kote, yatakufika kwenye kifundo cha mguu.”

“Kifundo cha mguu?” Mkurugenzi akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyepata nafuu. “Mwanangu anaogea kwenye beseni lenye maji zaidi ya hayo.”

“Beseni la mwanao lina upana gani? Hiki ni kifundo cha mguu cha nchi nzima ya juu, na maji yote hayo yana mlango mmoja wa kutokea. Mlango wenyewe unapita chini ya daraja letu.”

“Kipimo cha darajani kinasemaje?”

“Kinasema kawaida.”

“Basi.”

“Si basi. Maji hayajafika mtoni, mkurugenzi. Yako kwenye udongo na kwenye vinamasi. Udongo ule umeshiba. Ikija mvua nyingine haitakuwa na pa kukaa, itateremka yote kwa pamoja. Bondeni hawatapata hata muda wa kuvaa viatu.”

Bondeni ni mtaa ulio kati ya mto na tuta la reli, na maji yakiingia hayana pa kutokea. Mkurugenzi aliujua vizuri. Akaisukuma karatasi pembeni kwa kidole kimoja, kama mtu aliyeshiba anayesogeza sahani.

“Makadirio ya siku yana chenga, wewe mwenyewe umeniambia. Piga pasi, tusubiri ramani ya mwezi.”

“Ramani ya mwezi itatoka watu wameshaelea.”

“Hiyo ni kelele.”

“Kelele gani yenye adabu hivi? Inapanda, inatulia, inapanda tena?”

“Nimesema ni kelele, na ofisi yangu haitoi tangazo kwa kelele. Umenielewa?”

“Nimekuelewa,” Kisiki akasema. Alichukua karatasi yake, akaikunja, akaitia mkobani. “Kama ni kelele, itapigwa.”

Akashuka ngazi, akapita getini bila kumuaga mtu, akaenda Bondeni kwa miguu. Aliogopa. Mtu asidhani watu wa aina yake hawaogopi. Aliogopa kukosea, maana kukosea kwake kungekuwa mbele za watu, na aliogopa kuwa sahihi zaidi, kwa sababu dada yake aliishi pale.

Dada Mkubwa alikuwa ameketi barazani na cherehani yake. Upande wa kulia kinyozi alikuwa akimnyoa mteja, upande wa kushoto mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma. Mbele kidogo, kwenye ghala la mbao, mlinzi alikuwa ameegemea geti na redio yake ndogo begani. Kisiki akavuta benchi la wateja, akapanda juu, akapiga kelele ya kweli, ile ya kutoka tumboni, mpaka aliyekuwa kwenye mashine akaizima.

Akawaambia yote. Setilaiti, uzito, udongo ulioshiba. Hakuwapaka mafuta: aliwaambia mizani yake haioni vizuri, na kwamba huenda mvua isije. “Lakini ikija, nyinyi ndio wa kwanza. Shule ya kule mlimani imefungwa kwa likizo, mume wangu ana funguo. Nendeni na watoto na vitu vyenu mkae siku chache.”

“Na huyu ni nani?” mteja wa kinyozi akauliza, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa.

“Mdogo wangu,” Dada Mkubwa akasema bila kunyanyua macho. “Msikilizeni tu, hata mkikataa hatanyamaza.”

Wakaenda. Wengine kwa hofu, wengine kwa kuwa jirani kaenda, na Dada Mkubwa kwa shingo upande, akilalamika tangu benchi mpaka mlimani. Mwalimu akawafungulia madarasa, akasogeza madawati, akawagawia watu vyumba kama anayepanga wanafunzi. Kisiki akalala pale pamoja nao, akisubiri mvua.

Jua likawaka. Likawaka na kesho yake, na keshokutwa likawaka kwa ufedhuli kabisa, bila hata wingu la kusingizia. Watoto wakacheza mpira kwenye uwanja mkavu. Watu wazima wakaanza kukaa kimya, halafu kunong’ona, halafu kucheka. Kinyozi ndiye aliyeanza kumwita Mama Kilo.

“Mama Kilo, leo mbingu zina kilo ngapi?”

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakafunga virago, wakashuka Bondeni, na njiani kila aliyejikwaa aliambiwa ajipime uzito. Dada Mkubwa aliondoka wa mwisho. Hakucheka, na hilo lilimuuma Kisiki kuliko kucheka.

“Wateja wangu wawili wamepeleka vitambaa vyao kwa fundi mwingine,” alisema tu, akajitwika furushi.

Huko ofisini habari zilikuwa zimeshafika. Mkurugenzi alimpokea akiwa amesimama.

“Nani alikupa ruhusa ya kutangaza?”

“Hakuna. Ningeomba ungeninyima, nikaona nisikusumbue.”

“Unaona ni mzaha. Umeiaibisha ofisi. Nenda nyumbani ukakae mpaka utakapoitwa, na usiguse data yoyote.”

Kisiki akakusanya kikombe chake na kandambili alizokuwa akivaa chini ya meza. Mlinzi wa geti la ofisi akamuuliza kama angependa kusaidiwa kubeba na kiti. Akasema kiti kibaki. Alitaka wakione kila siku.

Nyumbani alikaa jikoni, hajui mikono aiweke wapi. Alikuwa na aibu, na hasira, na chini ya hasira alikuwa na kitu kibaya zaidi: shaka. Labda mkurugenzi alikuwa sahihi. Labda alikuwa amewahamisha watu wazima na watoto wao kwa ajili ya chenga za televisheni. Mumewe, Mwalimu, alikuwa akimenya viazi. Ni mtu asiyependa maneno mengi, na ndiyo maana ndoa ile ilikuwa imedumu.

“Hesabu yako umeikagua?” aliuliza.

“Wataka niikague mara ngapi?”

“Mimi sitaki kitu. Nakuuliza kama wewe umeridhika nayo.”

Kisiki akafikiri. Akaupitia mstari ule kichwani, nukta kwa nukta, kama mtu anayepapasa chumba chake gizani. Akatafuta mahali alipojidanganya, asipaone. “Nimeridhika.”

“Basi kula.”

Alikuwa bado anatafuna simu ilipolia. Alikuwa Babu Seva, na alikuwa akinong’ona, sauti ya mashine ikivuma nyuma yake.

“Mstari haujashuka. Umepanda tena.”

“Umepiga pasi?”

“Pasi nimeichomoa ukutani. Wakiniuliza nitasema umeme ulikatika.” Akashusha sauti zaidi. “Halafu kuna wingu, Kisiki. Nimeona picha za hali ya hewa. Kubwa, na linaelekea kule kule juu. Nimempelekea mkurugenzi.”

“Kasemaje?”

“Kasema ofisi haiwezi kuaibika mara mbili.”

Kisiki akaweka simu mezani. Kupiga kelele mara ya kwanza ni rahisi. Unakuwa na jina zuri bado. Kurudi mbele ya watu waliokucheka, na kuwaambia neno lile lile walilolichekea, huko kunataka moyo wa namna nyingine, na yeye hakuwa na hakika anao. Hata hivyo akavaa viatu, bila hakika. Mwalimu akachukua funguo za shule.

Bondeni walimwona akiwa mbali.

“Mama Kilo huyo anakuja!” kinyozi akaita, mkasi juu. “Shikeni mizani!”

Kisiki akapanda benchi. Safari hii hakueleza setilaiti. “Nilisema mvua itakuja, haikuja. Mmenicheka, na mlikuwa na haki. Nimesimamishwa kazi kwa ajili hiyo, kwa hiyo leo sina ofisi ya kuiaibisha. Uzito bado uko kule juu na umeongezeka. Kuna wingu linaelekea huko huko. Ondokeni.”

“Na lisiponyesha tena?”

“Nitakuja mara ya tatu.”

Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kimepungua maji. Akashuka, akaenda kwa Dada Mkubwa, aliyekuwa amekaza uso kwenye mshono.

“Siendi,” Dada Mkubwa akasema. “Nimeshakaa sakafuni na mgongo wangu huu, kwa ajili yako. Nimepoteza wateja kwa ajili yako. Mtaa mzima unanicheka kwa ajili yako. Mara hii hapana, mdogo wangu.”

“Dada.”

“Hapana.”

Kisiki akazuia gurudumu la cherehani kwa kiganja. Hakuna mtu aliyewahi kuthubutu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

“Nikikosea, nicheke. Nicheke mpaka siku utakayokufa. Wasimulie wajukuu, waambie bibi yao mdogo alikuwa kichaa. Lakini nicheke ukiwa hai.”

Dada Mkubwa akaanza kufungua cherehani kutoka kwenye meza yake. “Shika huku,” alisema kwa ukali. “Na usiiangushe.”

Watu walipomwona Dada Mkubwa, ambaye mtaa mzima ulijua hapendi upuuzi, akipanda mlima na cherehani kichwani, maneno yakakatika. Mwanamke mmoja akaita watoto wake. Mashine ya kusaga ikazimwa. Kinyozi akasema yeye anawasindikiza tu, akabeba kioo chake kikubwa, na kiti akakifungia ndani.

Aliyebaki ni mlinzi wa ghala la mbao. Kisiki alimwendea mwenyewe, mpaka getini.

“Mama, mimi sikubishii,” mlinzi akasema kwa upole. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye koti kubwa kuliko mwili wake. “Lakini tajiri wangu kaniambia nisiache geti mpaka tangazo rasmi litoke. Nikiondoka, unga umemwagika. Redio hii hapa naisikiliza. Wakisema tu, unaniona mlimani.”

“Wasiposema?”

“Watasema. Wale ndio kazi yao.”

Kisiki akambembeleza, akamkemea, hata akamvuta mkono. Mlinzi akatabasamu, akaongeza sauti ya redio. Ilikuwa ikipiga muziki.

Mvua haikunyesha mjini. Hilo ndilo lililowashangaza wengi baadaye: maji yalikuja jua likiwa linawaka. Kesho yake mchana watu walikuwa uwanjani pa shule, baadhi wameshaanza tena kunung’unika, mara kukasikika mngurumo ambao kila mtu alidhani ni treni. Haikuwa treni. Mto ulikuja na rangi ya udongo, na miti mizima ndani yake, ukagonga daraja, ukapita juu yake, ukaingia Bondeni kwa upana wote. Tuta la reli likayazuia maji yasitoke, na yakaanza kupanda. Mabati yakasimama kidogo, yakainama, yakaondoka. Mbao za ghala zikaelea zimejipanga, kisha zikatawanyika.

Hakuna aliyemwita Mama Kilo. Kinyozi alikuwa amekaa chini na kioo chake magotini, hajitazami. Kisiki alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja, akilitazama geti la ghala mpaka lilipofunikwa. Alilia kwa sauti, bila haya, na Dada Mkubwa akamshika kiuno kwa nguvu ili asiteremke.

Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yamerudi nyuma, yameacha matope hadi kwenye madirisha. Mlinzi alikuwa amepatikana karibu na tuta, kalazwa na kufunikwa koti lake. Watu walikuwa wakifunga mafurushi, wanataka kwenda kuona kilichobaki. Ndipo magari yalipopanda mlima. Mkurugenzi akashuka kwenye la kwanza, amevaa mabuti mapya ya mpira. Kwenye la pili wakashuka waandishi wa habari na maikrofoni zao, na nyuma yao Babu Seva, na sweta lake, amefunga mdomo kama aliyeng’olewa jino.

Mkurugenzi alimwita Kisiki pembeni, darasani, akasema kwa sauti ya chini na ya haraka.

“Umefanya kazi nzuri. Nasema kweli. Adhabu yako imefutwa, Jumatatu rudi kazini. Sasa tutoke tuongee nao. Wewe useme tu, ‘Tulitoa tahadhari mapema kwa kutumia setilaiti.’ Basi.”

“Tulitoa?”

“Tulitoa. Ofisi ni moja. Unashika neno dogo hivyo la nini?”

“Ni dogo. Ndiyo maana unadhani halionekani.”

Akatoka. Uwanja ulikuwa umejaa, watu wamesimama na mafurushi vichwani, wamesogea kusikiliza. Mkurugenzi akatangulia, akakohoa, akasema kuhusu teknolojia ya kisasa, na ushirikiano, na jinsi ofisi yake ilivyokaa macho. Kisha akamsogeza Kisiki mbele kwa mkono wa begani, kama mzazi mwenye mtoto aliyefaulu. Maikrofoni zikamfuata.

“Hatukutoa tahadhari,” Kisiki akasema. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. “Nilitoa mimi, nikasimamishwa kazi. Huyu hapa Babu Seva alituma taarifa juu ya wingu, ikalazwa. Mlinzi wa ghala aliniambia ataondoka redio ikisema. Yeye alikuwa akisubiri redio, redio ilikuwa ikisubiri ofisi, na ofisi ilikuwa ikipiga pasi. Hiyo ndiyo tahadhari tuliyotoa.”

Mkono ukaondoka begani. Mkurugenzi akaunyoosha kwenye maikrofoni, akacheka kidogo, akasema mtaalamu wake amechoka, msiba ni mzito, tumwelewe. Akawageukia watu. Mto umeshuka, alisema. Kipimo cha darajani, kilichobaki, kinaonyesha hali inarejea kawaida. Wananchi wanaweza kuteremka kwa utulivu wakaanze usafi.

Kisiki akamtazama Babu Seva. Babu Seva akatikisa kichwa, mara moja, kisha akanyoosha kidole juu, kuelekea nchi ya juu.

“Haujashuka wote,” Kisiki akasema. Hakuwa tena na maikrofoni, akatumia tumbo. “Uzito bado uko kule. Nusu yake haijaja. Msirudi.”

“Ukisema neno jingine,” mkurugenzi akamwambia karibu na sikio, “huna kazi.”

“Msirudi!”

Dada Mkubwa alikuwa mbele ya watu wote, furushi kichwani, mguu mmoja umeshakanyaga njia ya kuteremkia. Akaurudisha. Akatua furushi, akalipiga kofi likae vizuri, akalikalia. Kinyozi akakaa pembeni yake na kioo. Halafu akakaa mwanamke mwenye watoto, na wa mashine ya kusaga, na walio nyuma yao, mpaka uwanja mzima ukawa umeketi na waliosimama ni wageni tu.

“Wananchi,” mkurugenzi akasema kwenye maikrofoni zote, “nimesema mnaweza kwenda.”

Hakuna aliyenyanyuka.